Ng'ombe wa 328 alivyoiangusha program yangu Timau

Wakuu, salamu. Hii ilinipata mwenyewe na sitatia chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza Form Four, naranda kati ya Embu na Meru na floppy mfukoni, natafuta popote penye kompyuta. Huko Timau chama cha wafugaji kikaniambia niwaandikie program ya QBasic ya kusajili ng'ombe wa chanjo.

Kila ng'ombe row moja, table yote kwenye memory. Daktari wa mifugo alisema hivi: hayuko kwenye list, hadungwi. Na chanjo ilikuwa kwenye cooler, barafu inayeyuka.

Rows 327 zikaingia safi. Ya 328 ilikuwa ya Mzee M'Ikiara, na ng'ombe wake wa pekee, Kagendo.

"Overflow," mashine ikaandika, yaani imefurika. Program ikaanguka.

Nikasoma data tena kutoka floppy, nikajaribu. Overflow.

"Nilisema mifugo haihesabiwi," mzee akaniambia. "Sasa hata mashine imekataa."

(Huo mwiko naujua, hata nyanya yangu Embu hakuwahi kuhesabu mbuzi wake.)

Watu wawili wakaanza kufungua kamba za ng'ombe wao waende zao.

Nikadhani memory imejaa. Nikafuta row moja, Kagendo akaingia! Kumbe nimefuta ng'ombe wa Mama Kinya, katibu wa chama.

"Wewe kijana, wangu alikufa lini?"

Watu walicheka, mimi natoka jasho na baridi yote ile.

Nikamrudisha wake. Overflow tena. Hapo nikashtuka: shida haikuwa Kagendo, ilikuwa ni namba 328.

Kila row nilikuwa nimeipa nafasi 100, na program ilizidisha namba ya row kwa 100 ili ijue pa kuiandika. Mara 328 ni 32,800, na Integer, aina ya namba niliyotumia, inaishia 32,767. Nikaweka jibu kwenye Long, aina inayobeba namba kubwa zaidi. Bado! Kumbe inazidisha kwanza kama Integer, inafia hapo kabla jibu halijafika. Nikageuza namba ya row yenyewe kuwa Long.

Ikapita.

Nilipoprint, nilitoa majina peke yake. Namba nikaziacha ndani ya mashine.

Mzee akaipitisha karatasi karibu na macho. "Kagendo," akasoma. "Hapa hajahesabiwa. Ameitwa."

Kagendo akadungwa wa mwisho, barafu ikiwa imeshakuwa maji.

Tangu siku hiyo, kabla sijalaumu memory nauliza imekwama row ya ngapi. Na Long naiweka kabla ya kuzidisha.

Yenu ilikwamia ngapi, wakuu? Na mlimfuta ng'ombe wa nani?