Kinu Nilichojikabidhi Mwenyewe

Nilikuwa nawaambia watu, na mwenyewe nikiamini, kwamba hakuna kitu duniani cha kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la nne. Nimechoma mkaa, nimeuza mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori pale Mikumi, nimelala kwenye banda la mbao huku tembo wanavunja migomba ya jirani. Leo nina gesti ya vyumba kumi na viwili kando ya barabara kuu, nina mashine mbili za kusaga Kilosa mjini, na lori la tani saba. Hakuna aliyenipa hata msumari. Mtu aliyepita huko nilikopita mimi, utamshangaza na nini?

Kinu nilikikuta kwenye shamba la mkonge lililokufa zamani, upande wa Kilosa. Nilikwenda kununua vyuma chakavu vya kujengea geti. Katikati ya vichaka nikaona mnara wa chuma wa miguu minne, juu yake gurudumu kubwa la mapanga ya bati, na nyuma ya gurudumu mkia mpana, nao wa bati. Kulikuwa na upepo kidogo lakini halikuzunguka. Mkia ulikuwa umelala upande kama bawa la kuku aliyevunjika.

Mlinzi akaniambia, "Hicho ni kinu cha upepo, bosi. Enzi hizo kilikuwa kinavuta maji ya kuoshea katani."

Nikamuuliza bei. Akampigia simu mwenye mali, na kabla ya jua kuzama kinu kilikuwa changu.

Hilo jina la kinu liliniletea maneno mengi. Mama yangu, ambaye kwake kinu ni kile cha mti anachotwangia mpunga, aliniuliza, "Sasa mwanangu, hicho kinatwanga nini huko juu?" Vijana wa gesti waliposikia kinu cha upepo wakadhani naleta umeme, wakaanza kuulizana kama kununua luku kutaisha. Wafugaji kule Masanze, waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao miaka ya karibuni, walikiita feni. Watoto wakakiita pangaboi. Mke wangu hakukipa jina, alisema tu "lile lichuma lako." Mimi niliwaambia wote kwamba waite wanavyotaka, wakishakunywa maji yake watajua ni nini.

Maana mpango wangu ulikuwa maji. Masanze ndiko lilipo shamba alilotuachia baba, mimi na mdogo wangu. Yeye ndiye aliyebaki kulima. Nimemzidi miaka sita. Ni mtu wa maneno machache na jembe lake hulijua vizuri. Ekari tatu za mahindi na bustani ya vitunguu alizilima kwa mikono yake miwili, bila trekta, bila kibarua. Tulikuwa na kisima kirefu pale, ila kuvuta maji kwa ndoo ni kazi ya punda. Kiangazi wafugaji walikuwa wanakatiza mashamba ya watu kupeleka ng'ombe mtoni, na kila mwaka ugomvi, siku nyingine fimbo na mapanga. Nikasema nitaweka kinu juu ya kisima, nijenge birika, ng'ombe wanywe pale kwa malipo, vitunguu vya mdogo wangu vipate maji, na ugomvi uishe. Na watu waseme kwamba aliyeleta maji Masanze ni yule wa darasa la nne. Hilo nalitaja kwa sababu nalo lilikuwemo.

Fundi nilimpata Mamboya, kule milimani. Mzee wa umri wa baba yangu, Mwanglikana wa kanisani kila Jumapili, aliyesomeshwa na wamisheni na kufundishwa ufundi zamani. Ndiye aliyeniambia kwamba huko kulikoanza vitu hivi, upepo ulikuwa unazungusha mawe ya kusagia ngano, ndiyo maana vinaitwa vinu hata hivi visivyosaga kitu. Nikamwambia, "Mzee, mimi nasaga kwa umeme na sijui historia hiyo, na hela naipata." Akacheka kidogo.

Alikifungua kipande kwa kipande, akaandika namba za chaki kwenye kila chuma, tukakibeba kwa lori langu hadi Masanze. Wiki tatu alikaa kwa mdogo wangu. Wakawa wanakula sahani moja. Mnara ukasimama, gurudumu likapanda juu, fimbo ya chuma ikashuka kisimani. Kikabaki kitu kimoja.

"Springi ya mkia haipo," mzee akaniambia. "Iliibiwa au ilikatika. Bila springi mkia unalala na gurudumu halitazami upepo. Niache niende Morogoro, kuna mtu wa kuichonga. Wiki mbili."

Mimi nilikuwa nimeshaalika watu. Jumamosi ile, mbuzi wawili, pilau, spika za kukodi. Wakulima nimewaalika, wafugaji nimewaalika, na matajiri wenzangu watatu kutoka Mikumi. Wiki mbili zingetoka wapi?

Jumamosi ilipofika nikatoa mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaukata vipande virefu, nikapanda mnara mwenyewe mbele ya watu. Nikaufunga mkia kwa mipira, mzunguko juu ya mzunguko, nikakaza mpaka mkia ukanyooka kama ubao. Upepo ukaja, gurudumu likageuka likautazama, likaanza kuzunguka. Kule chini maji yakatoka kwenye bomba. Watu wakapiga vigelegele. Nilishuka nikiwapungia mkono.

Mzee alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kazi ya springi si kunyoosha mkia tu. Upepo ukizidi, springi inalegea, gurudumu linageuza uso pembeni, linapunguza mwendo lenyewe. Wewe umekaza. Hiyo mipira haitaachia. Upepo mkubwa ukija, kitaendelea kuutazama mpaka kitu kivunjike."

"Mzee, mimi nimefunga springi za gari kwa mpira kutoka Iringa mpaka Mikumi na mzigo juu."

"Gari lina breki."

"Na hiki kina mdogo wangu. Upepo ukizidi atapanda akifunge kamba."

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, maana alikuwa ananiheshimu.

Kwetu fundi akimaliza kazi anakabidhi. Anakuita, anakuonyesha kila kitu, anasema, "Nimekukabidhi," unapokea, unamlipa salio, mnapeana mkono. Tangu hapo lawama za kazi ni za fundi, na kitu kikiharibika unamrudia. Nikatoa salio lake mbele ya watu, nikamnyooshea.

Hakupokea. "Hii sikabidhi," akasema. "Springi ikipatikana nitakuja, nitakabidhi, utanilipa."

Mimi nikalirudisha lile salio mfukoni na kusema kwa sauti ya kusikika kwenye spika, "Basi nimejikabidhi mwenyewe." Watu wakacheka tena. Mzee alimuaga mdogo wangu na mke wake, akapanda bodaboda na mfuko wake wa vifaa. Mimi sikumuaga. Nilikuwa nagawa nyama.

Miezi miwili ya kwanza kinu kilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Ng'ombe walikunywa. Mtoni hawakwenda. Vitunguu vilinenepa. Nikawa nawaonyesha wageni wa gesti video kwenye simu, naambiwa, "Mzee, wewe ni mhandisi," nami sikatai.

Halafu kiangazi kikakolea na upepo wa mchana ukaanza kushuka kutoka milimani. Mdogo wangu akanipigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ng'ombe wangapi leo?"

"Kaka, kinakimbia sana. Mnara unatetemeka mpaka birika linacheza. Nifungue hiyo mipira?"

"Ukifungua, mkia utalala na kinu kitasimama. Ng'ombe watakunywa nini, mate yako? Panda ukifunge kamba. Upepo ukitulia ufungue."

Akapanda. Siku ile alifanikiwa. Alivizia upepo ulegee, akarusha kamba ya katani kwenye gurudumu, akaifunga mnarani. Jioni akaifungua. Kesho yake hivyo hivyo. Ikawa ndiyo kazi yake, kila mchana kupanda mnara wa futi arobaini na kamba begani. Mke wake alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Shemeji, mimi kule juu simtazami tena, naingia ndani. Mpigie yule mzee wa Mamboya alete springi."

Nikamwambia nitampigia. Namba yake nilikuwa nayo. Kila nilipoitazama niliona ile kofia mkononi na lile salio langu lililokataliwa mbele ya watu, nikaweka simu chini. Nikajiambia anataka nimbembeleze. Mtu mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili ambembeleze fundi.

Wiki mbili baadaye, saa tisa alasiri, nilikuwa kwenye baraza la gesti na wageni, simu mkononi, nikiwaonyesha ile video. Simu ikaita katikati ya video. Alikuwa shemeji yangu. Alikuwa anapumua tu, na nyuma yake nikasikia watu wanapiga kelele, "Mshike miguu, mshike miguu."

Barabara ya kutoka Mikumi kuja Masanze ni mbovu na niliiendesha kama mwendawazimu. Nilipofika walikuwa wameshamteremsha. Alikuwa kivulini mwa birika, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe, na mkono wa kulia umefungwa kwa khanga mbili ambazo hazikuwa na rangi zake tena.

Aliyenieleza ni mfugaji mmoja, Msukuma wa makamo, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Mdogo wangu alipanda akaona upepo unampokonya kamba. Jana yake kamba ilimdondoka akalazimika kushuka na kupanda upya. Kwa hiyo safari hii akaizungusha ncha yake kwenye kiganja, mara mbili, isimponyoke. Gurudumu likaidaka ile ncha nyingine. Likamvuta. Mkono ukaingia kwenye meno ya chuma nyuma ya gurudumu, na gurudumu halikusimama, maana mkia ulikuwa umekazwa na upepo ulikuwa mbele yake. Alining'inia pale juu. Yule mfugaji, ambaye kwa maneno yake hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko mgongo wa punda, ndiye aliyepanda na kisu chake cha ng'ombe. Alikata kamba.

"Na kingine nilikata, mzee," akaniambia, macho chini. "Kilikuwa kimebaki ngozi tu. Unisamehe."

Mimi ndiye niliyekuwa sishangai kitu. Nikamwamkia shikamoo. Nadhani tulikuwa rika moja. Naye, kwa sababu hakujua la kufanya, akaitikia.

Hospitali wakamaliza kukata juu ya kifundo cha mkono. Mwezi mzima alilala, na mwezi mzima nilikaa kwenye benchi la nje, nikimpelekea uji ambao mkewe aliupokea mlangoni na kuufunga mlango. Hakunifukuza. Aliufunga tu.

Nilikwenda Mamboya. Nilimkuta mzee anapalilia kahawa zake, nikapiga goti kwenye udongo na kumwamkia.

"Marahaba," akasema. Habari ilikuwa imemfikia. "Mkono upi?"

"Wa kulia, mzee."

Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa vifaa. Alikuja akakiteremsha kinu, kipande kwa kipande, kwa zile zile namba za chaki. Malipo aliyapokea. Nilipomuuliza kama angekuja pale upepo ulipoanza, kama ningempigia, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Ningekuja siku hiyo hiyo," akasema.

Tulikaa kikao cha ukoo. Nilijipanga. Nilikuwa na bahasha, na nilikuwa na maneno: kwamba nitamjengea nyumba ya bati, nitampa lori alisimamie. Niliyasema yote. Mdogo wangu alinisikiliza, mkono wake uliobaki juu ya goti.

"Kaka, kesi sitaki," akasema. "Lori nitaliendeshaje. Na hiyo bahasha rudisha. Mimi nilikuwa nalima. Kila mwaka mvua ikikaribia uje ulime shamba langu. Ekari tatu."

"Nitaleta vibarua kumi."

"Leta. Lakini na wewe uje. Ushike jembe, siyo usimame na simu."

"Miaka mingapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Shemeji, huo mkono utaota baada ya miaka mingapi?"

Wazee wakaafiki, mmoja akaongoza sala.

Huu ni msimu wa pili. Naiacha gesti yangu mikononi mwa mke wangu wiki mbili nzima, nalala Masanze kwenye mkeka, naamka alfajiri na vibarua. Nalima vizuri kuliko wote, hilo hata mdogo wangu hawezi kubisha. Vijana wa siku hizi mgongo hawana. Yeye hukaa kwenye kigogo mwisho wa shamba anatutazama. Asubuhi ananiamkia, shikamoo kaka, naitikia, na hapo mazungumzo yetu ya siku yamekwisha. Ng'ombe wamerudi kukatiza mashamba kwenda mtoni, na ugomvi umerudi nao. Vyuma nimeviuza kwa kilo. Ukitoa hizo kilo, ukaweka kinu chenyewe na kukisafirisha, mbuzi na spika za siku ile, fundi mara mbili, hospitali, na vibarua wa misimu yote miwili, mpaka jana jioni nilipowalipa wa mwisho, kile kinu kimenigharimu shilingi milioni kumi na moja, laki nne, elfu sitini na tatu na mia tano.