Makapi ya Uwele

Mama alipopofuka kwa presha ya macho hakulia. Aliacha kula, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa nimerudi Kinampanda kumtunza, na kila asubuhi niliwamwagia kuku ugali wake wa jana.

"Mtu asiyefanya kazi anakula ya nini?" aliniuliza.

Nilimfokea, maana hasira ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Haikumsaidia.

Kwetu uwele ukishapurwa hupepetwa juu ya jabali, wanawake pamoja, upepo unapochangamka. Zamu yetu ilipofika, jirani yetu, rafiki yake tangu usichana, aliingia bila hodi.

"Inuka twende. Bila wewe nani atatuchekesha?"

Nilikataa. Jabali lina mteremko, nikasema, mnataka kuniulia mama?

"Nyamaza, mwanangu. Tulipanda huko wewe ukiwa mgongoni."

Wanawake wenzake walimshika mkono wakapanda naye. Mimi nilifuata nyuma, roho juu. Mama alipokea ungo, akageuza uso huku na huku mpaka upepo ukamgusa shavu alilotaka, kisha akainua mikono. Uwele ukashuka, makapi yakaenda zake.

Mara upepo ukageuka, kama kawaida yake huku Singida, na makapi yote yakaturudia usoni. Tukatupa nyungo. Huyu anasugua macho, yule anaita maji, mimi natoa machozi kama mtoto. Nilipofaulu kufumbua jicho moja, nilimwona mama amesimama peke yake. Alikuwa ameshageukia upande mwingine, ungo juu, uwele ukimshukia miguuni ukiwa safi. Nilikuwa nikimlinda mtu gani?

"Mbona mmeacha kupepeta?" akauliza.

"Makapi yametuingia machoni," jirani akajibu.

Mama akashusha ungo. "Poleni sana, wenye macho."

Akacheka. Wote wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikacheka nikilia, sijui tena kwa makapi au kwa furaha.

Jioni nilimtengea ugali na mlenda, nikajifanya simtazami. Halafu nikakumbuka kwamba hanioni, nikamkodolea macho. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

"Ukoko upo?" akauliza.

Asubuhi kuku walinizunguka mlangoni wakidai chao. Sikuwa na cha kuwapa.