Hotpoti ya Kwanza Endabash

Enzi zetu pale Endabash, chakula kilikuwa na saa yake. Ukichelewa kurudisha ng'ombe, ugali ulikuwa umeshakauka kama tofali, na mama alikuwa na neno moja tu: "Aliyechelewa hula kilichopoa." Tukala, tukashiba, hakuna aliyenuna.

Siku moja baba, aliyekuwa mpishi wa wageni kwenye kambi za Ngorongoro, alirudi likizo na chombo chekundu chenye mfuniko mzito. Akasema kinaitwa hotpoti. Bibi, mama yake baba, akataka kujua maana.

"Ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa, mama. Hot ni moto, pot ni chungu."

Bibi akakigeuza, akakigonga tako. "Chungu cha moto kisichokaa jikoni? Mwanangu, wamekudanganya." Akahifadhi mbegu za maharage humo.

Masika yale mama alijifungulia hospitali Karatu mjini, akapoteza damu nyingi. Habari zikatufikia kwamba kila chakula kinamkataa. Baba alikuwa amesharudi kambini. Bibi akakoroga uji wa mtama, akautia samli, akamwaga zile mbegu na kukiosha kile chombo, akaumimina uji humo. Tukapanda lori la mahindi. Kabla ya kufika mjini likazama kwenye tope jekundu, tukamalizia safari kwa miguu huku mvua ikitupiga, bibi akiwa amekikumbatia kile chombo ndani ya shuka lake.

Tulimkuta mama midomo imempauka, kichanga kimelala ubavuni mwake. Bibi alipofungua mfuniko, mvuke ukampanda usoni, akashtuka.

"Aisee! Kumbe kweli ni chungu cha moto!"

Mama akacheka, kicheko chembamba, kisha akanyoosha mkono. Akanywa. Akaongezwa, akanywa tena. Bibi akageukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Mama alipona. Bibi naye akawa mwalimu wa Kiingereza: kila jirani aliyekuja kuazima hotpoti alifundishwa kwanza hot, kisha pot, ndipo akapewa.

Siku hizi hotpoti zimejaa kila nyumba, nyingine za zawadi za harusi hazijatolewa hata kwenye boksi. Juzi nilimweleza mwanangu neno hilo lilikotoka, kama bibi alivyolifundisha. Akalitafuta kwenye simu. "Ni kweli mama, liko hapa," akasema, akaendelea kuperuzi. Hakuuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikabaki namtazama, uji wake ukipoa mezani.