Chapa ya Ngamia kwenye Sola

Mtu wa Tarbaj asiyeijua hasira ya Nurto, basi huyo ni mgeni. Na siku ile alikuwa na haki yake. Ngamia wake wa maziwa alikuwa amelala nje ya boma, hataki kusimama, wayo umepasuliwa na kipande cha kioo. Kioo chenyewe kilikuwa cha sola.

Mambo yalianza sola za kisima zilipobadilishwa. Zile kuukuu zilirundikwa ukutani, na Hared, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Garissa, akaanza kuzibeba. Alichotaka ni fremu za alumini tu. Aling'oa fremu, kioo akakimwaga kwenye laga, mto mkavu ule ambao mifugo yote huupitia ikienda kunywa.

"Zimekufa hizo," Hared alijibu kila alipoulizwa.

Uongo. Nurto alikuwa na moja ya hizo kuukuu juu ya paa lake, inawasha taa na kuchaji simu za majirani. Ngamia akizeeka akapunguza maziwa, nani humtupa lagani? Zilizobaki alizitaka ziendeshe pampu kwenye kisima kifupi cha akina mama, ambako viganja bado vinachunwa na kamba.

Basi kabla lori la Hared halijafika, akachukua msumari, akakwangua kwenye kila fremu chapa ya ngamia wa baba yake: duara lenye mkia. Kitu chenye chapa hakiguswi ovyo. Aliyekigusa ameiba ngamia.

Hared alishuka na vijana wake wa kupakia, akainama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Eddo," alisema, maana Nurto ni shangazi yake wa ukoo, "hasira imekula akili yako. Chapa hii si ya babu yangu pia? Umenitilia alama mali yangu mwenyewe. Waryaa vijana, pakieni."

Wanaume waliokuwa wakinywesha mifugo yao birikani wakaangua kicheko. Nurto akaitazama ile chapa. Kweli, hilo hakulifikiria.

"Rudia," akamwambia Hared. "Ni zako?"

"Zangu."

"Na zile ulizovunja?"

"Zote, eddo. Mwenye chapa ndiye mwenye mali."

Nurto akawageukia wale wa birikani. "Mmemsikia. Na mali ya mtu ikimjeruhi ngamia wa mwenzake, nani hulipa?"

Kicheko kikakatika. Siyad, mlinzi wa kisima, akakohoa. "Mwenye chapa," akasema.

"Basi ngamia wangu amekatwa na mali yake. Hizi zinabaki hapa, ndiyo fidia. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, gunia hili. Shuka lagani ukaokote mali yako."

"Eddo, na jua hili?"

"Si ndilo la sola? Litakumulikia."

Hared akatazama huku na huku. Hakuna aliyemtetea. Akashuka. Nurto akamfuata nyuma na fimbo yake, hasira haijapoa hata kidogo, akimwonyesha kwa ncha: pale, na pale.

"Na hicho unachokikanyaga."