Aliyefunga kwa Ajili ya Talaka Yake

Mimi ni mtu wa kumaliza mambo. Nikianza kufua, nafua hadi mapazia. Baba watoto wangu ni mtu wa kuanza. Katika nyumba yetu ya kwanza hapa Birmingham alianza kupaka rangi ukuta wa sebuleni, akafika dirishani, akapumzika miaka minne. Wageni walidhani ni mtindo, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Kwa hiyo tulipoamua kupeana talaka, ilinipasa kujua mapema ni nani atakayefika dirishani akapumzika.

Hatukuwa na ugomvi wa kusimulia. Yeye anaendesha basi, mimi nahudumia wazee katika makao fulani kule Winson Green, na kwa miaka kadhaa tulikuwa tukikutana mlangoni tu, mmoja akiingia na mwingine akitoka, tukiambiana kuna wali jikoni. Siku moja tukagundua kwamba mazungumzo yetu yote yamebaki kuwa wali. Akahamia Shard End, upande mwingine wa mji. Mimi nikabaki Perry Barr na binti yetu mdogo, kakake akiwa ameshaenda chuo mji mwingine. Kanisani watu wakazoea kutuona tumekaa pande mbili za ukumbi, tukisalimiana vizuri na kuulizana habari za kazi.

Ombi la talaka tulilijaza pamoja, kwenye simu yake, tukinywa chai mezani kwangu. Sheria ya huku inaruhusu mke na mume waombe wakiwa wawili, bila mmoja kumshtaki mwenzake, na yeye ndiye aliyeipenda njia hiyo.

"Mama watoto," aliniambia, "tuliingia wawili, tutoke wawili. Asionekane mtu amemwacha mwenzake."

Nilikubali kwa moyo wote. Nilijiona nina bahati kuliko wanawake wengi ninaowafahamu. Tukasubiri zile wiki ishirini, tukaomba amri ya kwanza, ikatoka. Tukasubiri wiki sita na siku moja, kama inavyotakiwa. Kisha ikabaki hatua ya mwisho: mmoja anaomba talaka ikamilishwe, na mwenzake anathibitisha. Mimi niliomba asubuhi ile ile, kabla sijavua kofia ya kulalia. Kwake kulibaki kubonyeza mahali pamoja tu.

Alisema ataiangalia Jumamosi. Zikapita Jumamosi za miezi saba.

"Mum, just do it on your own," binti yetu aliniambia, macho kwenye simu. "There's literally a form."

Fomu ilikuwepo kweli. Mwenzako akikwama, unaweza kuomba hatua ile ya mwisho peke yako, ila lazima kwanza umpe notisi ya siku kumi na nne. Niliisoma mara tano. Mahakama haikunitisha hata kidogo. Nilimwogopa yeye, na si kwa sababu ni mkali, maana hata nzi humfungulia dirisha. Tulikuwa tumeachana bila uadui, watoto wanatuona tukicheka, na sasa mimi ndiye ningevunja ahadi ile ya tutoke wawili. Barua moja ingeweza kutugeuza watu wa kupishana barabarani bila salamu. Lakini pia nilikuwa nimechoka kuwa nusu mke. Kila fomu nikijaza, nikifika pale wanapouliza kama nimeolewa, nilikaa na kalamu hewani.

Nikaandika notisi, nikaituma kwa posta ile ambayo mpokeaji anatia saini.

Halafu nikafanya kosa ambalo ni sisi watu wa kanisa tu tunaoweza kulifanya. Nilikwenda kuomba maombi.

Katika kanisa letu la Wakenya, ambalo hukodi ukumbi Jumapili mchana, kuna kitu tunakiita ombi la siri. Unamwambia mwenyekiti wa akina mama kwamba una jambo, husemi ni jambo gani, na watu wanakuombea hivyo hivyo. Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu: ni la siku ngapi? Nikasema kumi na nne. Sikuwaza. Kufika jioni, orodha ilikuwa imetumwa kwenye kikundi cha kanisa: mfungo wa siku kumi na nne kwa ajili ya ombi la siri la dada yetu, na jina langu hapo juu, kila mtu ajiandikishe siku yake. Majina yalijaa upesi. Nikawa nashuka nayo kwa kidole, nashukuru, hadi siku ya tisa.

Siku ya tisa alikuwa amejiandikisha baba watoto.

Nilikaa kwenye ngazi. Posta walikuwa wameshanijulisha kwamba ametia saini, kwa hiyo barua alikuwa nayo. Ama ameisoma na ananikejeli mbele ya kanisa zima, ama ameisoma na anafunga ili Mungu anizuie. Sikuona jibu la tatu.

Rafiki yangu aliliona. Ni mama wa Bukavu, kule Kongo, tunafanya kazi zamu moja, na hana subira na watu wanaojisumbua bure.

"Weye unaogopa nini?" aliniuliza tukikunja mashuka. "Ule bwana hajasoma. Mutu hawezi funga juu ya talaka yake mwenyewe. Mupelekee uji, umuangalie mu macho."

Uji ulikuwa lazima hata hivyo. Desturi ya kikundi chetu ni kwamba mwenye ombi humpelekea aliyefunga kitu cha kufungulia saa kumi na mbili jioni. Kufikia siku ya nane nilikuwa nimeshazunguka nusu ya mji na chupa ya uji wa wimbi mkobani, nikipanda basi hili na kushuka lile, nikipokewa na watu wenye njaa wanaoniuliza kwa macho kama ni mambo ya viza. Sijawahi kupendwa hivyo, na sijawahi kujisikia mwongo hivyo.

Siku ya tisa nilifika Shard End saa kumi na mbili kasorobo, jua la kiangazi bado liko juu. Alinifungulia akiwa na sare ya kazi, midomo imekauka.

"Karibu mama watoto. Leo nimeendesha basi na njaa, mpaka abiria wananiambia pole."

Nikaingia jikoni kutafuta vikombe. Barua yangu ilikuwa juu ya maikrowevu, chini ya kopo la sukari, haijafunguliwa. Ilikuwa imeshapata duara la chai katikati.

Ningeweza kunyamaza. Zilibaki siku tano, na sheria inataka nimpe notisi tu, kuisoma ni juu yake. Lakini mtu alikuwa ameshinda na njaa kwa ajili yangu. Nikaichukua, nikamwekea mkononi.

"Hii hujaifungua."

"Hiyo? Nilidhani ni ya council."

"Ifungue."

Alisoma akiwa amesimama. Nilihesabu vigae vya jikoni kwake. Alirudi mwanzo wa barua akasoma tena, polepole, midomo ikitembea, kisha akaketi.

"Aki wewe," akasema. "Kumbe nimeshinda njaa juu ya hii?"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaweka kichwa mezani, nami nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu enzi za ule ukuta. Alipotulia alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Kila Saturday nafungua simu," alisema. "Nafika pale pa kuthibitisha, kidole kinakataa. Si ati nataka turudiane, hapana. Sitaki tu ikuwe ni mimi nilifunga mlango."

"Basi thibitisha sasa, hapa hapa, mimi nikiona. Tutoke wawili kama tulivyosema."

Alitoa simu kweli. Akaifungua, akafika pale, akainua kidole. Kidole kikakaa juu kama cha mtoto anayeomba ruhusa. Kisha akaiweka simu chini kifudifudi.

"Peleka wewe," akasema. "Mimi siwezi, na sitakuzuia, na sitakasirika. Sasa ni saa kumi na mbili. Nipe uji."

Nilimmiminia. Alikunywa vikombe vitatu. Nilimpenda wakati ule, si kama mke anavyompenda mume, bali kama mtu ambaye tulikua pamoja katika nchi ya baridi, tukafundishana kuwasha mtambo wa maji moto. Woga wangu wote ukaisha jikoni kwake.

Siku kumi na nne zilipotimia nilijaza fomu peke yangu na kuipeleka. Jibu lilikuja baada ya wiki chache, kwa barua pepe, nikiwa kazini napaka siagi mkate. Nikapiga yowe. Bibi mmoja wa kizungu ninayemhudumia, ana miaka tisini na ushee, akashtuka na kuuliza nani amekufa. Nikamwonyesha.

"Got rid of him, have you, bab?" akaniuliza kwa lafudhi ya hapa kama ndio nimeshamtupa, akanishika mkono. "Have my biscuit."

Nikaila biskuti yake. Sijawahi kula biskuti tamu kama ile.

Tatizo likabaki moja. Kanisani kwetu ombi likijibiwa unasimama na kutoa ushuhuda, na watu kumi na wanne walikuwa wameshinda na njaa kwa ajili yangu. Jumapili ile nilivaa gauni la njano, na hilo ndilo lililonisaliti. Mwenyekiti wa akina mama aliniona tu, akaenda mbele akachukua kipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Dada yetu anang'aa leo. Kuja utuambie."

Nilisimama. Hakuna aliyewahi kusimama pale kumshukuru Mungu kwa talaka. Nilikuwa nimepanga kusema amejibu, na kuketi. Lakini nyuso zile zilikuwa zinangoja viza, au nyumba, au mtoto. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema tena Bwana asifiwe. Ya tatu ilikuwa karibu kunitoka.

Kiti kikalia upande wa wanaume. Baba watoto, yule wa kuanza, alikuwa anakuja mbele, bila haraka, kama anayeshuka kwenye basi lake mwenyewe. Akasimama kando yangu, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, akaomba kipaza sauti.

"Bwana asifiwe kanisa. Lile ombi la siri lilikuwa letu sisi wawili. Ni talaka yetu, na imekamilika kwa amani. Tulianza kuomba pamoja, mimi nikalala njiani, mama watoto akamalizia. Nilifunga siku ya tisa sijui nafungia nini." Akanitazama. "Na sasa najua, na ningefunga tena."

Nje nikasikia treni inaingia stesheni. Kisha nyuma kabisa yule mama wa Bukavu, ambaye hata si wa kanisa letu ila alikuja kunisindikiza, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na mwenyekiti, baada ya kufikiri kidogo, akakijibu.

Baba watoto alinirudishia kipaza sauti. "Malizia," akaninong'oneza.

Nikasema amina, tukarudi kila mmoja kwenye kiti chake.