Fizi za Mama

Jino la mbele la mama yangu lilitoka siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu. Hakuwa akitafuna mfupa. Alikuwa na tonge la obusuma, ugali wetu wa kila siku. Alilitoa jino mdomoni, akalifunga kwa leso, akawaashiria wageni kwa mkono waendelee kula. Hakufungua mdomo tena hadi wakaondoka. Baadaye tulisikia wamemsifu: mama mpole, hana maneno mengi.

Mama ni mwalimu mstaafu. Nilipompeleka kwa daktari wa meno Kakamega mjini, alimkabidhi lile jino hata kabla ya salamu.

"Likague," alisema. "Halina tundu."

Daktari, mwanamke wa rika langu, aliligeuzageuza. "Ni zima kabisa, mama. Shida ni kilicholishikilia. Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki?"

"Miaka mingi. Kwa hivyo pale penye damu sipigangi."

Daktari akaeleza. Ukoga uliojificha chini ya ufizi umejaa bakteria. Mwili ukiwatambua hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nao, na ndiyo sababu ufizi huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu kwa kuguswa tu. Bakteria wasipoondolewa, mapambano hayaishi. Kemikali ambazo mwili wenyewe unatoa huanza kuyeyusha nyama na mfupa unaoshika jino.

Mama alifikiri. "Yaani aliyening'oa jino ni mimi mwenyewe?"

"Ni kinga yako, mama. Ilikuwa inajaribu kukusaidia."

"Ingeniuliza kwanza."

Meno mengine mawili yalikuwa yanacheza. Moja liling'olewa, la pili likaponea. Alipigwa ganzi, akasafishwa chini ya fizi, akaambiwa apige mswaki hasa pale penye damu, polepole. Aliuliza kama mfupa utaota tena. Daktari akasema hapana, lakini uliobaki unaweza kulindwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani Butali mama alishika shavu, akitazama mashamba ya miwa.

Wiki kadhaa baadaye damu ilikoma. Sasa kila Jumapili baada ya ibada huwauliza akina mama wenzake kama fizi zao hutoka damu. Wachache hukubali, naye huwaambia waende hospitali. Wengine wameanza kutumia mlango wa nyuma wa kanisa.