Bwana Mwanga na Kibanda cha Kinyozi

Mtaani walimwita Bwana Mwanga, maana hajawahi kupiga picha bila kulalamikia mwanga. Picha za pasipoti ndizo zilizomlisha, ila moyo wake ulikuwa kwenye mandhari. Mandhari, alisema, haivamiwi. Unaikalia kimya mpaka ikuzoee. Mkewe alimwambia hata stuli ya jikoni hukaa kimya, na hakuna anayeiita msanii.

Mwaka huo alikufa akaoza kwa kibanda cha kinyozi: mbao za buluu, mlango umepinda, nusu yake imeingia barabarani, na saa kumi jioni kivuli chake kinapanda ukuta ulio nyuma yake hadi unasahau njaa. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umemkubali, mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, naye alikuwa ameahidi picha hiyo hiyo.

Siku nne mfululizo alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja, akaandika daftarini: saa tisa na nusu, kivuli hatua mbili, saa kumi, hatua tatu. Hakupiga picha. Wala hakusalimia mtu, eti salamu huvuruga utulivu. Alimwona kinyozi akichungulia dirishani, kila siku uso umezidi kusawijika, akaandika: mandhari imeanza kunizoea.

Siku ya tano mwanga ukaja kama alivyouota. Alifika anahema, akakuta ukuta mtupu. Mbao zimepangwa chini, misumari imo koponi, na kinyozi amekalia kiti chake cha kunyolea, juani.

"Nimeshabomoa mwenyewe, mkuu," akasema. "Usiniandikie faini tu. Nina watoto watatu."

"Faini ya nini?"

"Si wewe mpimaji wa manispaa? Siku nne unaipima barabara. Nilikuwa nangoja ile alama nyekundu ya kubomolewa."

Bwana Mwanga akalifunga daftari. "Mimi mpiga picha," akasema. "Nilikipenda kibanda chako."

Kinyozi alimtazama. Hakufoka, na heri angefoka.

"Ungesalimia tu, ndugu yangu," akasema, akampa nyundo.

Saa kumi ikapita Bwana Mwanga ameshikilia ubao, misumari mdomoni. Walipomaliza jua lilikuwa limeshazama. Kinyozi aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Safari hii ulikuwa umenyooka kabisa.

"Haya, sasa piga," akasema, akasimama kando ya mlango akijipangusa vumbi. "Jana ungeniaibisha."

Bwana Mwanga akapiga, wala hakuulizia mwanga.